Nipe Mita Kwanza

Kigali, 3 Februari 2025

Kwako dada Zulaikha,

Salamu zikufikie hapo studio, katikati ya mataa yako na bibi harusi zako. Mimi niko muzima. Mvua ya huku inanyesha asubuhi, inakatika muchana, jioni inakumbuka kuna kitu ilisahau, inarudi. Shangazi Mukamazimpaka anaendeleaje na goti lake? Umuambie ule muchele wa Bugarama nimeupika wote, na sikugawia jirani hata kikombe.

Sikupigii simu, sababu unaijua. Mama alituachia neno kwamba sisi babili tuandikiane, juu tukiongea tunaumana. Nafuata wasia.

Sasa neno lenyewe. Kuna kazi inakuja. Siyo ya uwanjani tena, ni ya ndani ya chumba. Muchezaji wa gofu anasimama juu ya zulia, anapiga mupira kwenye wavu, kamera inamuchukua. Kisha mwalimu anamuonyesha polepole vile mwili wake ulizunguka, mahali bega lilichelewa, mahali kiuno kilikimbia. Bantu benye feza banapenda sana kujiona. Mimi gofu nimefundisha miaka kumi na mbili, lakini kamera siijui, na weye unapiga foto za harusi tangu Papa akiwa hai. Niambie tu ninunue kamera gani na lensi gani. Jina na namba, nitaenda nazo dukani.

Humu ndani nimetia na karatasi moja ya nyumba ya Papa. Ni ya kuweka majina sawa, siyo kitu. Tia saini pale chini, uirudishe na basi.

Mudogo wako,
Sultani


Kamembe, 14 Februari 2025

Sultani mudogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka. Dereva aliisafirisha chini ya katoni ya vifaranga, nikaianika kwanza ndipo nikaisoma. Shangazi goti bado linamusumbua. Anasema muntu wa kumaliza gunia la muchele bila kugawia jirani atazeeka peke yake, na weye tayari una miaka thelathini na nane bila muke. Mimi sijasema kitu. Ni yeye.

Na huo mwandiko! Shuleni mwalimu alikuwa akikuita uandike ubaoni, leo kuku ya Shangazi inakushinda. Unaandikia juu ya moto, pikipiki ikikimbia?

Hapa kazi iko. Wiki jana nilikuwa na harusi mbili, moja Mibirizi kwenye matope mpaka goti. Na wiki hii Mbarushimana, yule mwenye nyumba ya bageni huko chini ziwani, alikuja kwa foto ya pasipoti. Nikamuambia, bwana, kaa hapa kwenye kiti. Hakukaa. Alitembea studio yote kwa hatua ndefu ndefu kutoka mulango mpaka kwenye pazia, anatazama juu, anagonga nguzo na vidole. Nilizani anatafuta choo. Kisha alilipa foto zake akaziacha hapo hapo mezani.

Haya, kamera. Sultani, weye ni muntu anayeenda kwa fundi wa nguo na kusema, nishonee suruali lakini usinipime. Lensi inachaguliwa na ukuta! Kamera itasimama mita ngapi kutoka kwa muchezaji? Dari iko mita ngapi? Taa ni za namna gani? Muntu akiinua fimbo juu ya kichwa anakaribia mita tatu kutoka chini, na vyote hivyo, toka kiatu mpaka ncha ya fimbo, lazima viingie kwenye picha. Kama una nafasi ya kurudi nyuma mita sita, lensi ya hamsini inatosha. Kama una mita mbili na nusu, hamsini itakupa kitovu cha muntu. Hapo unataka namba ndogo, ishirini na nne hivi, inayoona kwa upana. Lakini usishuke chini sana, juu lensi pana kupita kiasi zinavuta pembe za picha, na kichwa cha muntu kinakuwa kama papai.

Megapikseli usizitazame, ni za kudanganyia bageni dukani. Uliza kamera inachukua picha ngapi kwa sekunde: mia na ishirini, chini ya hapo uikatae. Uliza tundu la lensi linafunguka mpaka wapi. Ndani kuna giza na fimbo ina mbio, kwa hiyo unataka tundu kubwa, moja nukta nane.

Basi nipe mita. Urefu, upana, dari. Namba tatu tu.

Karatasi yako nimeiona. Chini imeandikwa ukurasa wa nne. Ule wa kwanza, wa pili na wa tatu zimebaki Kigali kunywa chai? Nitasaini nikipata nafasi.

Dada yako,
Zulaikha


Kigali, 9 Machi 2025

Dada,

Ramadhani njema kwako na kwa Shangazi. Mungu apokee saumu zenu, na zangu pia, ijapokuwa huku nafuturu na chapati baridi. Mwandiko usiutie moyoni, ni kalamu mbaya.

Aksanti kwa mashauri. Nilienda dukani. Muuzaji ni muntu muelewa, alinipa kamera iliyotumika kidogo na lensi ya hamsini, tundu moja nukta nane kama ulivyosema. Bei ilikuwa nzuri, nikachukua. Kwa hiyo nusu ya maneno yako nimeifuata.

Nikaijaribu sebuleni kwa rafiki yangu. Yeye alipiga, mimi nikashika kamera. Nimeona mukanda wake na vifungo viwili vya shati. Nikarudi nyuma, nikagonga kabati. Nikatoka nje kabisa nikamupiga kupitia dirishani, hapo mwili wote ukaingia, lakini na pazia pia, na jirani akaja kuuliza tunamuchungulia nani. Je, hakuna réglage, kitu cha kuzungusha ili kuipanua?

Mita nitakutumia. Chumba bado hakijakuwa tayari. Ni chumba cha kawaida tu, kama vyumba vyote.

Na ile karatasi, dada? Inachelewesha mambo.

Sultani


Kamembe, 20 Machi 2025

Sultani,

Salamu za Ramadhani umezipata. Shangazi anafunga na goti lake, amekataa kusikia neno la daktari. Niko na saumu, kwa hiyo nitaandika pole pole ili nisiseme kitu cha kunitia kwenye zambi.

Kama vyumba vyote! Ndugu yangu, hakuna chumba kama vyumba vyote. Miaka ishirini naingia sebule za bantu na kamera begani, na kila sebule imenitukana kwa namna yake. Moja ina kabati, ingine ina nguzo, ingine ina bamama kumi na sita benye vilemba. Lensi ya hamsini haina réglage ya kupanuka, sawa vile suruali haina réglage ya kuwa kanzu. Nilikuambia mita sita. Ulikuwa na sita? Ulikuwa na kabati!

Irudishe dukani leo. Na kamera yenyewe, siku utakayoitumia, ilaze ubavu, picha isimame wima. Muntu amesimama, fimbo imesimama, kwa nini unapiga picha iliyolala? Hapo lensi itakupa urefu mwingi bila kurudi nyuma. Ni ujanja wa Papa wa kupiga bibi harusi kwenye korido.

Nakukumbuka ukimushikia Papa taa kwenye harusi. Bibi harusi gizani, sahani za pilau zinawaka! Papa alikuwa anapiga kelele, "Sultani, taa!" na weye macho kwenye nyama. Kumbe hukubadilika. Bado unamulikia kitu kingine, siyo kile nauliza.

Unasema karatasi inachelewesha mambo. Mambo gani? Kuweka majina sawa kunaharakisha nini?

Mbarushimana amerudi kuchukua foto zake. Ameniuliza kama ile nguzo ya studio inashika nyumba ao ni ya mapambo. Nikamuuliza kama pua yake inashika uso ao ni ya mapambo. Mungu anisamehe, ilikuwa saa kumi na moja na nilikuwa na kiu.

Nipe mita. Na usinidanganye hata nusu mita, juu ukidanganya, kichwa cha muchezaji kitakatwa kwenye picha na utakuja kunilaumu mimi.

Zulaikha


Kigali, 27 Aprili 2025

Dada Zulaikha,

Nisamehe kwa kukawia. Iddi ilipita, wiki ya kukumbuka mauaji ya kimbari ikapita, nikawa nasema kesho, kesho. Natumaini muko salama na kazi za harusi zimeanza tena.

Duka limekataa kurudishiwa lensi. Basi nimejaribu na simu ya rafiki yangu, tukiwa kwenye ghala moja lenye taa za neoni. Dada, ni maajabu. Fimbo imetokea imepinda kama ndizi! Fimbo ya chuma! Na picha yote inapitwa na mistari myeusi, inashuka, inapanda. Rafiki anasema ni shetani wa ghala. Weye unasemaje?

Nakuomba usikasirike juu ya mita. Chumba kiko mbali na hapa, ndiyo maana sijakipima. Lakini sasa mambo yamekuwa ya kweli. Yule tajiri anayetoa mutaji anataka kununua vyote mara moja, kamera, lensi, taa, wavu, na akinunua havirudishwi. Nikikosea lensi hii mara ya pili, kazi imekwisha na mimi nimekwisha nayo. Sina ingine.

Na karatasi, tafazali, kabla ya mwisho wa mwezi wa tano.

Sultani


Kamembe, 5 Mei 2025

Sultani,

Shangazi ni muzima. Mimi sijui.

Shetani wa ghala hayuko. Simu inasoma picha mustari kwa mustari toka juu mpaka chini, na kabla haijafika chini fimbo imeshahama, ndiyo maana inapinda. Tafuta kamera inayosoma haraka. Na neoni zinawaka na kuzima mara mia kwa sekunde, jicho halioni, kamera inaona. Ziondoe, weka mataa ya LED mazuri mbili, moja mbele ya muchezaji, moja ubavuni. Umeona? Maswali yako mimi najibu siku hiyo hiyo. La kwangu moja tu, tangu mwezi wa pili!

Chumba kiko mbali. Ni mbali wapi, mwezini? Hakuna muntu hapo mwenye mita ya fundi? Unataka kutumia mutaji wa muntu, unanunua lensi ya chumba ambacho hukupima, na ukikosea umekwisha. Haki ya Mungu nimechoka na weye kabisa. Nilipokuwa nakuogesha ulikuwa unaficha kiatu kimoja ili tusiende msikitini. Ni weye yule yule.

Basi tufanye biashara. Nipe mita, na siku ile barua inafika nitatia saini kwenye karatasi yako, bila kuuliza kurasa zingine ziko wapi. Neno langu unalijua.

Zulaikha


Kigali, 9 Mei 2025

Dada,

Salamu kwa haraka, hii nampa dereva mukononi.

Urefu mita saba na sentimita thelathini. Upana mita nne na sentimita kumi na tano. Mulango wa mbele uko upande mufupi, wa nyuma uko kulia. Kuna nguzo moja, sentimita tisini toka ukuta wa kushoto. Dari mita tatu na kumi.

Ni za kweli zote, nimezitoa kwenye ramani ya fundi. Ulisema nikidanganya kichwa kitakatwa.

Sasa nipe lensi. Na saini.

Sultani


Kamembe, 16 Mei 2025

Sultani,

Leo salamu hakuna.

Barua yako niliisoma nimesimama kaunta, muteja mbele yangu anangojea foto. Nilipofika kwenye nguzo niliinua macho, na nguzo ikawa pale. Nikamuambia muteja arudi kesho. Nikafunga mulango, nikatoa mita ya Papa kwenye droo, nikapima. Saba na thelathini. Nne na kumi na tano. Tisini toka ukuta wa kushoto. Chumba hicho mimi nakifagia kila asubuhi, Sultani! Nimekuandikia barua tatu nakufundisha namna ya kunitoa ndani yake.

Nilishuka mpaka kwa Mbarushimana. Masikini ya Mungu, alizani sisi tumeelewana. Alinitolea zile kurasa tatu bila kuogopa, akaniagizia na fanta. Kontra, mukataba wa miaka kumi. Studio iachwe tupu kabla ya mwezi wa nane. Nikamuuliza, na mimi naenda wapi na mapazia ya Papa? Alitazama viatu vyake. Ameona aibu kukupita weye, na hata siyo ndugu yangu.

Ningeitia ile saini. Hiyo ndiyo inaniuma. Ungekuja ukasema Zulaikha, nina shida, ningekasirika siku tatu, kisha tungekaa tukapanga. Lakini ulinitumia ukurasa wa nne kama vile mimi ni muntu wa sokoni asiyejua kusoma.

Na jibu lako utalipata, juu uliuliza na mimi ni muntu wa kazi. Kwa chumba hiki ni lensi ya ishirini na nne, kamera imelazwa ubavu, imeegemea ukuta, muchezaji mita mbili na nusu. Picha mia na ishirini kwa sekunde, tundu moja nukta nane, mataa mbili. Nimeijaribu na kamera yangu ya harusi. Ile fimbo yako ya gofu ya zamani bado iko nyuma ya kabati. Niliishika, nikasimama karibu na nguzo, nikapiga. Kadi ya kamera yenye video nimetia ndani ya bahasha hii. Utaona mwili wote, kilemba mpaka kiatu, hakuna kilichokatwa. Tazama pole pole. Utaona fimbo inapanda, inapanda, inaingia ndani ya dari, na triplex, zile mbao nyembamba za dari, zinanimwagikia kichwani.

Katika zile namba zako, moja tu siyo ya kweli. Dari siyo mita tatu na kumi. Ni mbili na arobaini. Papa aliishusha na kuipaka rangi nyeupe ili mwanga wa flash urudi chini vizuri kwenye sura za bantu. Ilikuwa mwaka ule ulioondoka. Tangu hapo umekuja kulala hapa mara ngapi? Hukuwahi hata kutazama juu. Unapangisha nyumba ambayo huijui.

Niliahidi saini, umeipata, neno langu ni neno. Lakini juu yake, pale penye nafasi, nimeandika kwa kalamu nyekundu: SIKUBALI. Kisha ndiyo nikasaini.

Zulaikha


Kigali, 2 Juni 2025

Dada Zulaikha,

Nimeanza barua hii mara sita. Kama Shangazi amesikia, umuambie naomba anisamehe mimi mwenyewe nikifika mbele yake.

Mwandiko wangu ni mubaya juu naandika na mukono wa kushoto. Mwezi wa kumi nilianguka na moto ya kukodi, pikipiki ikateleza, bega la kuume likaharibika. Sikuambia muntu. Likapona kwa kubeba mfuko, kwa gofu halikupona. Siwezi kuinua fimbo kupita kifua. Uwanjani banataka mwalimu anayeonyesha, siyo anayesema tu, na tangu Desemba sina kazi. Ile kazi niliyokuwa nakuandikia kwamba inakuja haikuwa juu ya ingine. Ilikuwa ni hiyo tu.

Ndipo nikafikiri kamera. Na kamera simuonyeshi muntu mwili wangu, namuonyesha wa kwake. Macho bado ninayo. Mbarushimana aliniambia bageni bake banachoka kutazama ziwa, na bantu ba Bukavu banavuka mupaka kila siku na feza zao. Alitaka chumba karibu na soko. Mimi kwa Kamembe najua chumba kimoja.

Ningekuja kukuambia. Lakini miaka ishirini na moja nimekuwa Sultani wa Kigali, mwalimu wa bakubwa. Kurudi mikono mitupu niliona aibu. Nilitaka nirudi na kitu. Nikajiambia ukiona kazi imeshaanza, hasira itapita. Ulisema kweli, nilikutendea kama muntu wa sokoni. Nilijua ni vibaya siku ile ile nilipochana ukurasa wa nne na kuutia kwenye bahasha. Nimemuandikia Mbarushimana kwamba kontra imekufa.

Video yako nimeitazama mara kumi na moja. Picha ni safi sana, sijawahi kuona safi namna hii. Unashika fimbo vibaya. Kidole gumba cha kushoto kimekaa pembeni kama unasonga ugali, kilaze juu ya fimbo, kishuke kidogo upande wa kuume. Ndiyo maana fimbo ilipanda wima hivyo na kufika darini. Lakini kiuno, dada, kiuno kilizunguka kwanza na mabega yakafuata. Kuna bantu nimefundisha miaka minne hawajakipata hicho.

Sikuombi kitu. Pole kwa dari ya Papa.

Sultani


Kamembe, 9 Juni 2025

Mudogo wangu Sultani,

Iddi ilikuwa nzuri, aksanti kwa kutouliza. Shangazi alikuja toka Bugarama na goti lake na kuku babili. Nilimusomea barua yako. Alilia, kisha akasema muntu anayeanguka na moto na kuficha miezi minane anastahili apigwe kwenye bega lile lingine. Mimi sijasema kitu. Ni yeye.

Miezi minane! Mimi hapa nakucheka mwandiko, na weye huko unashika kalamu na mukono wa kushoto kama mutoto wa darasa la kwanza. Kwa nini hukusema? Nilikuandikia maneno ya lensi kurasa na kurasa, ungeshindwa kuandika mustari moja, "dada, nimeumia"? Nimekasirika sana. Nimekasirika kuliko ile siku ya nguzo.

Kidole gumba nimekilaza kama ulivyosema. Nilitoka nyuma ya nyumba, kwa sababu ya dari ndani siwezi tena, na nikapiga mara ishirini. Ilienda vizuri. Ulikuwa na haki, na sipendi.

Na nilipokuwa nyuma pale, fimbo mukononi, niliinua macho. Sultani, lile banda la mabati! Pale Papa alikuwa anaweka jenereta na viti vya kupangisha! Halina dari. Nilichukua mita. Chini ya bati ni mita tatu na nusu, urefu mita tisa, upana mita tano, na hakuna nguzo hata moja. Miezi minne unanificha mita za chumba kibaya, na chumba kizuri kiko nyuma ya jikoni kimejaa viti vilivyovunjika! Ungeuliza tu. Ningekuambia katika barua ya kwanza.

Mbarushimana amekuja kuliona. Safari hii alipiga hatua zake ndefu mbele yangu, nikamuandalia na kiti. Akitaka kupanga banda, tutakaa batatu na kurasa zote nne mezani, na nitazisoma kwa sauti. Studio ni studio. Hapo sibadilishi neno.

Lensi usinunue. Ishirini na nne ninayo, tutaipokezana. Ile hamsini yako iliyokuonyesha mukanda wa rafiki, usiitupe, ije. Hakuna lensi nzuri kuliko hiyo kwa sura ya bibi harusi, na ya kwangu ina ukungu tangu mwaka jana. Umenunua kitu kizuri bila kujua, kama kawaida yako.

Njoo Ijumaa. Kitanda chako nimekitoa maboksi. Jumamosi nina harusi Mibirizi, muntu wangu wa taa ameenda Ruhwa kwa mambo yake na sina mwingine. Taa utaishika na ule mukono wa kushoto. Na safari hii mulikia bibi harusi, uache sahani za bantu.

Dada yako,
Zulaikha